Shikamoo Niliyoimeza Kwihara

Nianze na mdomo wangu, maana ndio ulioniponza. Mimi ni mtu wa kusema. Nikipewa kipaza sauti simwachii mtu, na nikishaanza kupiga chuku sina breki. Ndiyo maana chama chetu kilipoamua kwamba mkutano mkuu wa mwaka ufanyike Tabora, wenzangu wa kamati ya maandalizi hawakuhangaika kutafuta mtu wa kuwatembeza wageni. Waligeuka wote wakanitazama. "Wewe si mwenyeji? Na mdomo unao." Tukacheka, na nikakubali kabla hata hawajamaliza kuniomba.

Chama chenyewe ni cha watunza kumbukumbu, sisi watu wa masijala. Kazi yangu iko Isikizya, kwenye ofisi za wilaya ya Uyui. Kila asubuhi natoka Gongoni ninakoishi, nakwenda kushinda na majalada, jioni narudi. Watu wanadhani kazi yetu ni kufuta vumbi. Haya, na wadhani. Sisi ndio tunaojua nani aliajiriwa lini, nani alimwandika nani kuwa mrithi wake, na nani alipunguza umri. Nayasema haya ili ijulikane kwamba nililolifanya sikulifanya kwa ujinga. Najua vizuri maana ya kumwandika mtu mahali pasipo pake.

Ziara ilipangwa iwe siku moja kabla ya mkutano kufunguliwa. Wageni arobaini na wawili, basi moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Nilijipanga haswa, sitaki uongo katika hilo. Wiki moja kabla niliizunguka njia nzima na saa mkononi. Stesheni ya reli ya Wajerumani, nusu saa. Boma, kupita nje tu na kamera chini, maana pale ni pa jeshi. Soko, ili watu wanunue asali mapema wasije wakanisumbua siku ya kuondoka. Halafu Kwihara, kwenye tembe la kale lililogeuzwa makumbusho, mahali misafara ya zamani ilipotua mizigo kabla ya kuendelea Ujiji. Mwisho kurudi hotelini kula. Niliandika kila kitu kwenye karatasi, hata vyoo viko wapi, kwa sababu anayepanga ziara ya watu arobaini akisahau vyoo atakiona cha mtema kuni.

Sasa, Kwihara ndiko nilikolelewa.

Baba yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa reli. Alikuja Tabora kwa treni, daraja la tatu, na sanduku la spana. Akamwoa mama yangu, Mnyamwezi wa Kwihara. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na baba alikuwa mtu wa kulala Kigoma leo na Dodoma kesho, kwa hiyo dada yake mama, mama mkubwa, akanichukua. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inagusa majani, watu wakawa wanamcheka. Hakujali. Nilikaa kwake hadi nilipomaliza darasa la saba, ndipo baba akanileta mjini.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu hiyo misafara. Mtani wako anaweza kukuita mwizi, mtumwa wake, mke wake, akaingia jikoni akala chakula chako, akakusema msibani kwenu watu wanalia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwa hiyo pale kijijini, mtoto mwenye baba Mzaramo, watu walitaka kunichezea. "Kazaramo hako, kaje kaniibie karanga!" Mama mkubwa alikuwa hataki kusikia. Alikuwa anatoka na mwiko mkononi. "Utani anao baba yake. Nendeni mkamtanie huko relini. Huyu ni mwanangu." Nililisikia hilo neno mara nyingi hata nikaacha kulisikia.

Siku ile ya kupima njia nilipita kwake. Nikapiga goti mlangoni kama kawaida, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaniwekea kigoda. Nikamweleza habari ya wageni. Nilimweleza kwa mbwembwe, wanatoka mikoa yote, wengine makao makuu, wengine ni mabosi. Akauliza, "Na kwangu watafika?" Nikajibu, "Tutapita, mama, tutapita tukusalimie." Akauliza ni wangapi. Nikacheka, nikasema arobaini na kitu.

Kwenye karatasi yangu nyumba yake haikuwemo, na nilijua haitakuwemo. Lilikuwa neno la mdomoni tu, la kumfurahisha mzee, na mimi nimelelewa pale, najua kabisa kwamba kwa mama mkubwa ukishasema wageni wanapita, wageni wanapita. Hakuna cha mdomoni tu.

Na kwa nini nyumba yake haikuwemo? Niseme tu. Niliona haya. Miaka mingi kwenye chama nimekuwa nikijishaua kuwa mtoto wa pwani. Jina la baba ni la pwani, udi najua kuchoma, lafudhi naiweza, na watu huko mikutanoni wakawa wananiita Bibi wa Pwani nami najibu. Uzaramo wangu si wa uongo. Lakini nilikuwa nimeukuza hadi ukafunika kila kitu, na nyumba ya udongo yenye michembe ya viazi imeanikwa kwenye bati haikuwa na nafasi ndani yake.

Siku ya ziara ilianza vizuri mno. Tulikuwa tumeshona sare ya kitenge cha bluu, na mimi nimevaa viatu vyeupe. Kwenye basi nilisimama mbele na kipaza sauti, na watu walikuwa wanakufa kwa kicheko kabla hatujafika hata stesheni. Kiti cha mbele alikaa mama mmoja kutoka makao makuu, miwani ya dhahabu, daftari mkononi, mtu ambaye ukisema neno analiandika. Nilitaka sana anipende. Nyuma yake alikaa kaka mmoja mnene kutoka Temeke, Mzaramo mwenzangu, ambaye kila nikimaliza sentensi alikuwa anapiga makofi na kusema, "Damu yetu hiyo!" Mtu ukipewa watazamaji wa namna hiyo utavimba kichwa upende usipende.

Tulipokaribia Kwihara, basi lilipita kwenye njia ya kwa mama mkubwa. Ni njia nyembamba, inaingia kulia, nyumba haionekani barabarani. Nilikuwa nimeangalia kushoto kwa makusudi, naonyesha shamba ambalo halikuwa na lolote la kuonyesha. Vumbi likatimka nyuma yetu. Nikaendelea kusema.

Pale kwenye tembe, uani, wakanizunguka. Mhudumu wa makumbusho alikuwa na maelezo yake mazuri, akayatoa, nami badala ya kushukuru na kunyamaza, nikaongeza yangu. "Babu zangu mimi," nikasema, "walifika hapa kwa njia hii hii kutoka pwani. Kanzu, kofia, bakora, na wapagazi nyuma yao." Mama wa miwani akainua kichwa. "Kwa hiyo ninyi mlikuwa wenye misafara?" Nikasema, "Hasa!" Mtume! Baba yangu na sanduku lake la spana.

Ndipo nikamwona anakuja.

Alikuwa anatokea upande wa barabara, beseni kubwa kichwani, mkono mmoja umelishika, mkono mwingine umeshika ndala. Alikuwa ametembea pekupeku ili ndala zisichakae, miguu yote myeupe kwa vumbi hadi kwenye magoti. Alipoona watu wengi akasimama, akadondosha ndala chini, akazivaa, akajifuta uso kwa upindo wa khanga, ndipo akaendelea. Khanga zenyewe nilimpelekea mimi, alikuwa hazitoi sandukuni. Na lile beseni lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa nilichodarizi mwenyewe nikiwa darasa la sita, maua mawili, moja limepinda.

Alifika karibu, akaniona katikati ya watu, uso ukamkunjuka. "Mwangaluka wageni!" Halafu kwangu, "Mwanangu, mmenipita." Hakusema kwa lawama. Alidhani dereva amepotea njia.

Watu wote wakageuka. Mama wa miwani akaniuliza, "Huyu mama ni nani wako?"

Magoti yangu yalijua la kufanya. Nakumbuka vizuri yalianza kukunjika yenyewe, kama yalivyokunjika mbele yake maisha yangu yote. Lakini chini palikuwa na vumbi, na mimi nina kitenge kipya, na macho ya watu arobaini na wawili yananitazama, na dakika moja tu iliyopita nilikuwa mjukuu wa watu wenye bakora. Nikayanyoosha magoti. Shikamoo ilikuwa imeshafika kooni, nikaimeza. Nikacheka. Nikasema, "Aa, huyu? Huyu mtani wangu! Wanyamwezi hawa watani zetu. Amezoea kuniita mwanawe."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nimeyaandika yote, sikupunguza.

Basi tena! Kaka wa Temeke hakungoja. "Kumbe ni mtani? Basi na mimi wangu! Leta hapa, mtumwa wangu, umetuletea nini?" Akalitua beseni kutoka kichwani kwa mama mkubwa, akatupa kile kitambaa begani, akaanza kugawa. Yalikuwa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, vitamu hivyo, vimechanganywa na karanga za kukaanga. Watu wakachota kwa mikono miwili. Huyo kaka sina neno naye hata kidogo. Alifanya kile mtani anachofanya, na aliyemwambia kwamba huyu ni mtani ni mimi.

Mama mkubwa alinitazama mara moja tu. Nilingoja aseme. Moyoni nilikuwa nasema, sema, mama, niumbue nife kiofisa hapa hapa, na wakati huo huo nilikuwa naomba asiseme. Najionea haya zaidi kwa hilo la pili.

Hakuniumbua. Alishika kiuno, akavuta pumzi, akamgeukia yule kaka. "Mwizi wewe! Nilijua tu, Mzaramo hawezi kuona chakula mikono ikatulia! Kwenu mnalima nini? Ngoma! Jumatatu ngoma, Jumanne ngoma, njaa ikiwashika mnakuja Unyamwezi na basi!" Watu wakapasuka. Yule kaka akajibu, naye akajibiwa mara mbili. Sikuwahi kumsikia akitania hivyo, sikujua anaweza. "Babu yangu," akasema, na sasa hata mhudumu alikuwa amesogea kusikiliza, "babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa mpaka kwenu Bagamoyo. Bega liliota nundu kama la ng'ombe, nililishika mimi kwa mkono huu nikiwa mtoto. Mlimpa nini? Kitambaa na chumvi! Na leo mjukuu wake anawalisha tena. Kuleni, kuleni, watu msioshiba!"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mama wa miwani alikuwa anaandika mbio mbio. "Hii," aliniambia, "hii ndiyo historia yenyewe." Na ilikuwa kweli. Ile nundu ilikuwa ya babu yake mama yangu pia. Nilikuwa nimeisikia habari yake kila msimu wa kupura mahindi, na kwenye kipaza sauti sikuitaja.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Watu walipoanza kupanda basi nikabaki nyuma. Alikuwa amerudishiwa beseni, anakung'uta makombo, anakikunja kile kitambaa pembe kwa pembe. Nikasogea, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama." Akajitwika beseni. "Safari njema, mtani," akasema, kwa sauti ya kutosha hata dereva akacheka. Akavua ndala, akazishika mkononi, akaenda zake.

Hotelini watu walinipongeza hadi wakanichosha. Mkutano ulipofungwa nilipewa makofi ya kusimama kwa sababu ya ziara, na kwenye kundi letu la simu ile picha ilizunguka, mimi na kitenge changu katikati, mama mkubwa pembeni na beseni. Mtu aliandika chini yake, "Dada yetu na mtani wake." Ipo mpaka leo. Mtunza kumbukumbu mimi, nisingeweza kuomba ifutwe bila kueleza kwa nini.

Sikwenda kwake kesho yake. Nilijisingizia mkutano. Mkutano ukaisha, nikajisingizia majalada. Wiki mbili nzima nilijificha Isikizya nyuma ya makabati kama mwizi, mtu mzima na akili zangu. Jumamosi ya pili nikajikaza, nikabeba sukari, majani ya chai na doti ya khanga, nikaenda.

Nilipiga goti mlangoni. Nilipiga yote mawili. "Shikamoo mama."

Alikuwa anamenya viazi. "Aka, inuka, utachafua nguo. Mtani hapigi goti."

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Umekuja kuiba kuku. Hakuna. Wawili niliwachinja siku ile, na hao Wazaramo wenzio hawakuja kula."

Hapo ndipo nilipojua. Nilidhani ni matobolwa tu. Kumbe alikuwa amepika. Kuku wawili, sufuria ya wali, kisamvu, na amepita nyumba tisa kuomba sahani na mikeka. Mikeka ilikuwa imetandazwa uani tangu asubuhi, na majirani wameambiwa, mwanangu anakuja na wageni wa serikali. Walisikia basi linapita. Walisikia wote. Ndipo akachukua lile beseni, maana sufuria zisingebebeka, akatufuata kwa miguu.

Na alinisimulia vipi? Kwa kunitania! "Zile sahani nilizirudisha safi, hazijaguswa hata na tone la mchuzi. Mtani, umenifundisha njia rahisi ya kuosha vyombo." Akacheka kicheko chake cha kweli, mabega yakitikisika. Mimi nikaanza kulia. "Loo! Mzaramo analia! Ninyi si hata msibani mnapiga ngoma?" Akaichukua ile doti ya khanga mapajani mwangu. "Hii nimekunyang'anya." Akaendelea kumenya viazi.

Jamani, kama angenigombeza. Kama angenirushia kile kiazi usoni. Ningelia, ningeshika miguu yake, pangekucha. Lakini kwa mtani unafanya nini? Kila nilichosema alikigeuza kicheko, na kukasirika siruhusiwi, na kunung'unika siruhusiwi. Nilikuwa nimeufungua mlango huo mwenyewe, mbele ya mashahidi arobaini na wawili, na yeye akaingia ndani yake, akaketi.

Miaka miwili imekwenda hivyo. Nafika kila Jumamosi, hanifukuzi. Ananipa chakula, ananitania, nacheka. Majirani wameshazoea, nao wananitania, kale kazaramo kamerudi, na hakuna anayetoka na mwiko. Nimemwambia samahani kwa kila namna ninayoijua. Siku moja nilimwambia nitasimama kwenye mkutano ujao, nichukue kipaza sauti, niwaambie wote ukweli. Akasema, "Usiwachoshe watu, mtani. Walikula, walishiba." Na mkutano ulipofika, nilisimama? Sikusimama. Nilikaa mstari wa nyuma, na walipoulizia habari za yule mtani wangu mcheshi nikasema hajambo.

Mwaka huu macho yake yameingia ukungu. Alianza kunimwagia chai nje ya kikombe, akisema ni makusudi. Ilipotangazwa kuwa madaktari wa macho wanakuja mjini nikamwambia nitampeleka, akakubali bila ubishi, maana mtani hakatazwi kukusaidia. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Alikuwa amevaa zile ndala, na safari hii hakuzivua njiani, kwa kuwa nilikuwa nimemleta na teksi.

Muuguzi alikuja na karatasi, binti mchangamfu, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Akamuuliza jina, akamuuliza umri, akaandika. Halafu akanionyesha kwa kalamu. "Na huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

Mama mkubwa aliyageuza yale macho yake ya ukungu upande wangu. "Huyu? Huyu Mzaramo, mtani wangu. Kanisindikiza. Mwangalieni asiibe miwani ya daktari."

Muuguzi akacheka sana. "Sawa, bibi, lakini hapa tunataka ndugu wa kuweka sahihi. Mtoto huna?"

Nilingoja kicheko. Maana ana jibu la kila kitu, mama mkubwa. Lakini aliweka mikono mapajani, akizisugua ndala zake sakafuni.

"Nilikuwa naye mmoja," akasema.

"Pole, bibi," muuguzi akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliyefiwa. "Pole sana." Na akanigeukia, akanipa kalamu. "Basi sahihi weka wewe, dada, si mmekuja pamoja? Jaza na hapo kwenye uhusiano."

Nimejaza karatasi maisha yangu yote. Nimewafokea watu kwa kuacha nafasi hiyo wazi. Nikaishika ile kalamu, nikaandika: mtoto. Muuguzi akalisoma, akanitazama, akamtazama. "Bibi, huyu kaandika mtoto."

"Wazaramo bwana," mama mkubwa akasema. "Hawaachi uongo."

Muuguzi akacheka, akangoja kidogo na kalamu juu ya karatasi, kama mtu anayengoja kuambiwa afute. Mama mkubwa hakumwambia afute. Basi karatasi ikaingia kwenye jalada kama ilivyo, na jina lake likaitwa.

Alisimama, akanyoosha mkono hewani, akinitafuta upande ambao sikuwepo. "Uko wapi? Nishike mkono, mtani, nisije nikaanguka."

Nikamshika.